Neno Lenye Haki ya Mtu Ndani Yake

Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wiki mbili zilizopita ukurasa huu ulizungumzia adabu za kumtembelea mgonjwa. Leo nakusudia kuzungumzia adabu ya maneno, na sababu yake ni tangazo nililolibandika mwenyewe kwenye mlango wa msikiti wetu hapa Arash. Tangazo lilikuwa fupi. Liliwajulisha waumini kwamba hotuba itaanza mapema kwa robo saa, ili wenye mifugo na wenye maduka wawahi shughuli zao. Juu yake niliandika kwa herufi kubwa: SWALA YA IJUMAA.

Baada ya Alasiri, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisimama mbele ya tangazo lile, akatabasamu, akaniita. "Katibu, huyu swala wa Ijumaa ni yupi? Mimi swala nawaona kila asubuhi niendapo shuleni, wala sijui kama wana siku yao."

Kwa msomaji aliye mbali, Arash ni kata ya tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Serengeti. Kwetu swala ni jirani. Hupita nyuma ya maboma, hula majani na mbuzi wetu, na mtoto wa miaka mitatu anamjua. Basi waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka nao, ingawa uso ulinipata joto kidogo.

Hapo fundi cherehani wetu, mzee aliyehamia huku kutoka Kondoa, akaingia kunitetea. Alisema kuwa "swala" ndiyo sahihi kwa sababu neno hilo kwa Kiarabu huanza na swad, si sin, na mwenye kuandika "sala" amelipunguzia uzito. Mwalimu akajibu kuwa vitabu vya shule vinaandika "sala" na mtihani wa taifa hausahihishwi kwa hoja za fundi cherehani. Kijana mmoja wa madrasa akaongeza kuwa kama ni uzito, basi tuandike "swalaah" kabisa tumalize. Mjadala ule ulianza baada ya Alasiri na ulikatizwa na adhana ya Magharibi.

Ndugu msomaji, kila mmoja wao alikuwa na hoja. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na katika herufi hizo ugomvi huu haukuwepo: swad ni swad na sin ni sin, kila moja ina umbo lake. Tulipohamia herufi za Kirumi tulikuta "s" moja tu, nayo ikabebeshwa kazi ya herufi mbili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukakubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya pamoja kwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, ili vitabu vya shule viwe na tahajia moja. Katika tahajia hiyo tukapata sala, saumu na sadaka. Waliosoma madrasa hawakupenda kuipoteza swad yao, wakaitia "w" ndani ya neno ili sauti nzito isikike: swala, swaumu, swadaka. Mwalimu anafuata kamusi, na fundi anafuata ulimi wa mwalimu wake wa Qur'an. Hakuna aliyekosea kwa ujinga.

Ila kuna "swala" moja isiyo na mtetezi, nayo ni ile isikikayo redioni na kwenye mikutano: "swala la elimu", "swala la maji". Neno linalokusudiwa ni "suala", na wingi wake ni "masuala". Asili yake ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa "swali", nalo lina sin, wala halina swad ya kulitolea udhuru. Mtu akisema "tuna swala kubwa la maji", sisi wa Arash tunaweza kumwelekeza linakokunywa.

Baada ya jioni ile nilikaa nikahesabu maneno yanayonikera mimi mwenyewe, nikaona ni mengi kuliko nilivyodhani. Linanikera "masaa", kwa kuwa tulifundishwa kwamba saa moja ni saa, na saa kumi ni saa vilevile. Linanikera "madawa". Linanikera "kiukweli", ambalo vijana hulitanguliza kabla ya kila sentensi, kana kwamba sentensi zilizopita zilikuwa za uongo. Linanikera "changamoto", kwa sababu siku hizi hatuna tena matatizo, makosa, uzembe wala wizi. Tuna changamoto tu. Mweka hazina akipoteza stakabadhi ni changamoto, na mvua isiponyesha ni changamoto. Na linanikera Kiingereza kilichopachikwa pasipohitajika, mtu anapokuwa "bize" badala ya kuwa na shughuli.

Hata hivyo, nilipoyachunguza malalamiko yangu moja baada ya jingine, mengi yalidhoofika. Chukua "masaa". Mtu akiniambia "nilikusubiri saa mbili", sijui kama alinisubiri kwa muda wa saa mbili au alinisubiri ilipofika saa mbili. Anayesema "masaa mawili" ameniondolea shaka. Kamusi haimpi haki, lakini haja yake ni ya kweli. Chukua pia "marehemu". Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya aliyerehemewa, yaani ndani yake mlikuwa na dua. Leo humtaja kila aliyekufa, awe wa dini gani, na msemaji wala hakumbuki kwamba ameomba. Neno limebadilika, na sijui mtu aliyedhulumiwa kwa mabadiliko hayo.

Wala si Kiswahili peke yake kinachobadilika. Neno "safari" tulilipata kutoka Kiarabu, na kwetu ni mwendo wowote wa mbali: kwenda Karatu, kwenda Arusha, kwenda Hija. Katika fiqhi safari ina hukumu zake, na msafiri hupunguza sala ya rakaa nne ikawa mbili. Waingereza wakalichukua neno hilo kwetu, na katika lugha yao likabana hadi likawa matembezi ya kutazama wanyama. Leo magari ya wageni yanapita kwenye barabara zetu yakiwa yameandikwa "safari" ubavuni, na mgeni anaamini kwamba safari ni kukaa garini ukimtazama simba. Mama wa Arash aliyepanda gari kumpeleka mtoto hospitali ya Wasso yuko safarini pia, ila gari lake halikuandikwa hivyo. Neno limetoka kwetu likarudi na maana nyingine, na maisha yanaendelea.

Kwa nini basi ninaandika? Ni kwa sababu mawili yaliyonipata katika ukatibu wangu yamenifundisha kuwa kuna kosa la neno lisilodhuru, na kuna kosa la neno linalokula haki ya mtu. Na la kwanza katika mawili hayo ni kosa langu.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nimetoka chuoni na wino wa cheti haujakauka, kamati ilikaa kikao chake cha mwezi. Alikuwepo mzee mmoja wa Kimaasai aliyesilimu akiwa mtu mzima. Kiswahili alijifunza ukubwani, mnadani na njiani. Alisimama akaanza: "Maji ya msikiti imekwisha kwa sababu..." Nami, kalamu mkononi, nikamkatiza: "Yamekwisha, mzee wangu. Maji yamekwisha." Watu wawili watatu wakacheka. Mzee akanitazama, akasema, "Ahsante, katibu," akakaa. Hakuendelea, nasi tukahamia ajenda iliyofuata.

Siku kumi baadaye, Ijumaa, watu walifika kutawadha wakakuta tangi tupu. Lilikuwa na ufa chini, upande wa nyuma ambako hakuna apitaye isipokuwa mwenye kupeleka ng'ombe mapema alfajiri. Maji yalikuwa yakivuja usiku na mchana, katika msimu ambao ndoo moja hapa hufuatwa kwa mwendo mrefu, tena na wanawake na watoto. Mzee aliuona ufa ule, na ndio aliosimama kuueleza. Muhtasari wa kikao, nilioandika mimi kwa Kiswahili safi, haukuwa na hata neno moja kuhusu tangi.

Nilikwenda bomani kwake kumwomba radhi. Alinipa kigoda na chai ya maziwa, akaniuliza habari za wazazi wangu, na hakuonyesha kinyongo. Nilipomaliza maneno yangu alisema jambo moja tu: "Kijana wangu, wewe ulisikia neno. Maji hukusikia." Nimelibeba neno hilo hadi leo.

Baadaye niliirudia hadithi ambayo niliisoma chuoni nikaipita haraka. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaonya Waislamu wasikubali mabedui wawashinde katika jina la sala yao ya Isha. Mabedui waliiita "atama", kwa kuwa walikuwa wakichelewa kuwakamua ngamia mpaka giza liingie. Sisi tunaoishi na wafugaji tunaielewa hadithi hii bila sherehe ndefu. Hapa pia jioni hupimwa kwa kukamua, na mtu hukwambia atakuja ng'ombe wakirudi, si saa fulani. Nilifurahi nikadhani nimepata hoja ya kuwasahihisha watu maisha yangu yote.

Lakini iko hadithi nyingine, ya Abu Hurayra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) alitaja fadhila za kuhudhuria sala mbili, akaziita kwa majina ya subhi na atama. Yaani alilitumia neno lile lile. Wanavyuoni, akiwemo Imam An-Nawawi, walizikusanya hadithi mbili hizi wakaeleza kuwa katazo ni la karaha, si la uharamu, na kwamba kulitumia kwake kunaonyesha kuwa inajuzu. Tazama mizani hiyo, ndugu msomaji. Jina la ibada lilindwe lisimezwe na jina la ukamuaji, lakini mchungaji asemaye "atama" asifukuzwe mlangoni, kwa sababu sala yenyewe anaijua na anaiendea.

Na upande wa pili wa mizani uko katika Suratul-Baqarah, aya ya 104. Waumini walikatazwa kumwambia Mtume (s.a.w.) "raa'inaa" wakaamrishwa kusema "undhurnaa". Maneno mawili yanayokaribiana maana. Waumini walilisema la kwanza kwa nia njema, lakini walikuwepo waliolipinda ulimi kwa kumtusi. Hapo neno lilibadilishwa kwa amri kutoka mbinguni, kwa kuwa lilikuwa limebeba dhara na heshima ya mtu ilikuwa inaguswa. Kwa hiyo dini yetu haisemi kuwa maneno hayana uzito. Inatufundisha kuuliza uzito uko wapi.

Sasa nieleze la pili.

Ilifungwa ndoa hapa kwetu kati ya kijana wa Kiislamu na binti wa nyumba iliyosilimu. Katibu ndiye mwenye fomu, na fomu ina nafasi ya mahari. Nikamuuliza baba wa binti, ambaye ndiye walii: "Mahari ni nini?" Akajibu kwa utulivu kwamba mahari imekwisha kutolewa yote, nayo ni ng'ombe, akataja na idadi. Nilikuwa tayari kuandika. Imamu wetu akaniashiria ningoje, akamtuma shangazi wa binti akamuulize mwenyewe ameridhia mahari gani. Shangazi akarudi na jibu: "Anasema mahari ni ya baba, yeye haijui."

Ndugu msomaji, yule baba hakusema uongo. Kwa Kiswahili kisemwacho leo Tanzania nzima, mahari ni mali wanayopewa wazazi wa binti. Hivyo ndivyo inavyosemwa barazani, katika magazeti na katika michezo ya redio: "Wamemtolea mahari ng'ombe ishirini." Lakini neno hilo tumelichukua kutoka "mahr", na mahr katika sheria ya Kiislamu ni mali ya mwanamke anayeolewa, si ya baba yake, si ya kaka yake. Aya ya 4 ya Suratun-Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao kwa moyo mkunjufu, na hakuna ruhusa ya kula chochote humo ila kile watakachokitoa wao wenyewe kwa ridhaa. Mtume (s.a.w.) alimwambia masikini aliyetaka kuoa atafute japo pete ya chuma. Pete ile ilikuwa ya mke. Hakuambiwa ampelekee mkwe.

Waswahili wa zamani hawakuchanganya mambo haya, kwa sababu kila kimoja walikipa jina lake. Baba wa bibi harusi alipewa kilemba. Mama alipewa mkaja, kwa kukumbuka nguo aliyojifunga tumboni baada ya kumzaa binti huyo, na ubeleko, kwa kukumbuka nguo aliyombebea mgongoni. Mahari ikabaki kuwa ya binti peke yake. Lugha ilikuwa na vyombo vinne kwa vitu vinne, hata asiyesoma akajua kipi ni cha nani. Majina yale matatu yalipofifia, nyumba nyingi zikabaki na chombo kimoja. Kilemba kikaingia ndani ya mahari, mkaja ukaingia, ubeleko ukaingia, na mwishoni aliyetoka nje ni binti mwenyewe.

Hili si kosa la tahajia. Binti akidhani kuwa mahari ni ya baba, hataidai. Mume akidhani kuwa amekwisha kuilipa kwa mkwe, hataitoa. Ndoa ikivunjika, watu watabishana juu ya kurudisha ng'ombe, na hakuna atakayeuliza mwanamke anatoka na nini. Haki iliyowekwa na Allah inapotea bila mwizi, kwa sababu tu neno limehama.

Nilijaribu kumweleza yule baba. Nilitumia kila nililofundishwa chuoni, kwa Kiswahili kilichonyooka, nikataja aya na hadithi. Uso wake ukazidi kukaza. Alidhani tunamwambia kwamba mila ya wazee wake ni haramu na kwamba amemuuza mtoto wake. Watu wa bwana harusi wakaanza kutazamana. Nilihisi shughuli inaelekea kuvunjika, na ingevunjika mikononi mwangu.

Aliyeiokoa ni yule mzee wa tangi. Aliomba ruhusa kwa imamu, akasogeza kigoda karibu na baba wa binti, akaongea naye kwa Kimaasai, polepole, bila kutaja kitabu chochote. Baadaye alinieleza alichosema. Alimuuliza: "Katika boma lako, ng'ombe wote ni wako?" Baba akajibu kuwa ndiyo. "Na wale uliomtengea mke wako awakamue, watakaokuwa wa watoto wake, unaweza kuwauza bila ya yeye kujua?" Baba akakaa kimya, kisha akasema hapana, ingekuwa aibu. Mzee akamwambia: "Basi hata sisi tunajua kwamba kuna ng'ombe wa mzee na kuna ng'ombe wa mama. Ng'ombe ulizopewa ni heshima yako, hakuna anayezigusa. Dini inamtaka binti naye awe na ng'ombe wake, tangu siku ya kwanza, na huyo ni wake zaidi hata ya wale wa kukamua, maana akitaka kumuuza atamuuza."

Baba akatikisa kichwa, akasema: "Kumbe ndilo hilo. Mngesema hivyo tangu mwanzo." Shangazi akarudi kwa binti mara ya pili. Safari hii jibu lilikuja haraka: binti anataka mtamba mmoja, tena alimtaja kwa rangi yake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumwona katika ng'ombe wa upande wa bwana harusi. Nikaandika kwenye nafasi ya mahari: mtamba mmoja, mali ya bibi harusi. Chini yake, kwa mstari wa mkono, nikaandika: zawadi ya wazazi, na idadi ya wale ng'ombe wengine. Tangu siku hiyo kila fomu ya msikiti wetu ina mistari hiyo miwili, na imamu huisoma yote mbele ya mashahidi.

Naomba msomaji aangalie nani alilirudisha neno mahali pake. Alikuwa yule asiyejua kama maji "imekwisha" au "yamekwisha".

Kutokana na hayo nimejiwekea utaratibu, na ninaupendekeza kwa familia zetu na kamati zetu. Yale maneno ya kukera tu, tuyavumilie, au tuyasahihishe kwa upole, faraghani, na kwa watoto wetu tunaowalea. Lakini yako maneno machache ambayo nyumba ya Kiislamu haina budi kuyasimamia. Mahari ni la kwanza. Yako na mengine.

Zaka na sadaka. Wengi hutumia lolote kati ya haya kwa kila mchango. Sadaka ya hiari humfikia yeyote na kujenga chochote cha kheri. Zaka ina kiwango chake na ina wenyewe: mafungu manane yaliyotajwa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba. Kwa wafugaji wa huku kwetu, mwenye ng'ombe thelathini wa kuchunga waliotimiza mwaka ana zaka ya ndama wa mwaka mmoja, na mwenye mbuzi arobaini ana zaka ya mbuzi mmoja. Katibu akiandika "zaka" kwenye fedha za kuezekea paa, au "mchango" kwenye ndama wa zaka, masikini mmoja wa kata yake atakosa chakula na hatajua kwa nini.

Mkopo na msaada. Kaka anampa ndugu yake fedha na kusema "nakusaidia". Mwaka mmoja baadaye mmoja anadai deni, mwingine anakumbuka zawadi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqarah, inahusu kuandika madeni. Semeni neno lenyewe siku ile ile, na liandikeni, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

Wasia na urithi. Mzee anasema "nimeshawarithisha", naye yu hai, akikusudia wasia au zawadi. Urithi hugawanywa baada ya kifo kwa mafungu yaliyokwisha kupangwa. Wasia hauzidi theluthi ya mali, wala hauwi kwa mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Zawadi hukabidhiwa mtu angali hai. Kwa neno moja lililotumika vibaya, watoto wamewahi kuacha kusalimiana wakiwa juu ya kaburi bichi.

Na "nimekuacha". Hili halihitaji maelezo marefu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa nikahi, talaka na rejea, kutania kwake ni kama kukusudia kwake. Vijana wanaoandikiana maneno ya talaka kwenye simu kwa mzaha, kwa sababu wameyasikia kwenye maigizo, na waambiwe na wazazi wao kabla hawajaambiwa na kadhi.

Katika hayo, ndugu msomaji, tusione haya kusimamisha mazungumzo na kuuliza: "Unakusudia nini hasa?" Na tuulize kwa lugha ambayo anayeulizwa anaielewa. Ikiwa ni Kimaasai, iwe Kimaasai. Tofauti ya lugha zetu, kama tunavyosoma katika Suratur-Rum, ni miongoni mwa ishara za Allah.

Ama tangazo letu, nimelibadilisha. Sasa linasomeka SALA YA IJUMAA, kwa kumridhisha mwalimu na kwa kuwa watoto wa shule hupita pale na ndivyo wanavyoandika madarasani. Fundi cherehani ameniambia kwamba yeye ataendelea kuitamka kwa swad, nami nimemwambia kuwa sala yake ni sahihi kwa vyovyote vile. Yule mzee hakuchangia mjadala huo. Alipita, akalitazama tangazo, kisha akaniuliza kama tangi limekaguliwa wiki hii.

Tulikwenda pamoja kulikagua. Liko salama, alhamdulillah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.